Kiwiko Kisichopona: Namna ya Kuamua Kuhusu Sindano za Damu na Tiba Nyingine za Kuhuisha Kano

Maumivu ya upande wa nje wa kiwiko, ambayo madaktari huyapa jina la mchezo wa tenisi, hayamngoji mtu ashike raketi. Humpata fundi seremala wa Keko anayekaza skrubu kwa mkono, fundi magari wa Gerezani, mshonaji wa Kariakoo anayeshika mkasi mzito tangu asubuhi, mama lishe anayesonga ugali wa sufuria kubwa, mfua nguo anayekamua mashuka, na karani ambaye mkono wake haubanduki kwenye kipanya cha kompyuta. Katika kila watu wazima 100, mmoja hadi watatu huwa na tatizo hili kwa mwaka, wengi wao wakiwa na umri wa kati ya miaka 35 na 55, na sehemu kubwa yao hupona ndani ya mwaka mmoja au miwili bila tiba yoyote ya pekee. Mwongozo huu unamhusu yule aliyebaki: miezi sita imepita, ameshameza vidonge, ameshapaka dawa za kuchua, pengine ameshachomwa sindano moja au mbili, na sasa ameanza kusikia habari za kutibiwa kwa damu yake mwenyewe, kwa mawimbi ya mshtuko au kwa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili msomaji aupime kadiri anavyoendelea. Tiba hizi zina nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni ndogo kuliko matangazo yanavyodai, na hakuna hata moja inayostahili fedha zako kabla hujahakikisha kwamba ugonjwa ndio huo hasa, na kabla hujafanya mazoezi ya kuimarisha kano kwa wiki 12 mfululizo.

Kinachoharibika ndani

Misuli inayonyanyua kiganja kuelekea nyuma hujishikiza kwa kano kwenye nundu ya mfupa iliyo upande wa nje wa kiwiko. Kila unaposhika kitu kwa nguvu, misuli hiyo hukaza ili kifundo cha mkono kisijikunje, na mzigo wote huishia pale kwenye kano. Ndiyo maana mgonjwa huumia akinyanyua birika, akipeana mkono na mtu au akifungua kifuniko cha chupa, ingawa anapokunja na kukunjua kiwiko chenyewe hahisi tatizo kubwa.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba kano hiyo imevimba kwa mwasho, na dawa za kupunguza uvimbe zikawa jibu la kwanza. Mwaka 1979 madaktari wa upasuaji wa Marekani, Nirschl na Pettrone, walieleza walichokiona katika kano walizozipasua: nyuzi zilizovurugika, zisizopangika tena kwa mstari mmoja, zikiwa zimechanganyika na vijishipa vipya vya damu visivyo na mpangilio, huku chembe za kinga ambazo huonekana kwenye uvimbe wa kawaida zikiwa hazipo. Kwa maneno mengine, kano iliyouma kwa miezi mingi ni kano iliyochakaa na kushindwa kujikarabati. Diklofenaki inaweza kutuliza maumivu kwa siku kadhaa, lakini haina la kufanya kuhusu nyuzi zilizovurugika. Wazo la tiba za kuhuisha lilianzia hapa: ikiwa ukarabati umekwama, basi tuuchokoze uanze upya.

Kwanza hakikisha ugonjwa ndio huo

Utambuzi hufanywa kwa mikono ya daktari zaidi ya mashine. Weka kidole kwenye nundu ya mfupa upande wa nje wa kiwiko. Maumivu makali yanapaswa kuwa hapo au chini yake kidogo tu. Nyoosha mkono mbele, kiganja kikiangalia chini, kisha mtu mwingine asukume kidole chako cha kati kuelekea sakafuni huku wewe ukimzuia; kama kiwiko kinauma kwa nje, dalili inazidi kupata nguvu. Jaribio jingine jepesi ni kunyanyua kiti kwa kushika mgongo wake, kiwiko kikiwa kimenyooka na kiganja kikiwa chini.

Kiwiko kisichopona mara nyingine hakiponi kwa sababu kinatibiwa kwa jina lisilo lake. Mshipa wa fahamu unaopita upande huo wa mkono unaweza kubanwa ndani ya misuli, na hapo maumivu huwa sentimita nne au tano chini ya nundu, yakiambatana na uchovu wa vidole. Shingo nayo hutuma maumivu hadi kwenye kiwiko. Mwenye ganzi vidoleni, au ambaye maumivu yake hubadilika anapogeuza kichwa, achunguzwe shingo kabla ya yote. Kiwiko kilichovimba, chenye joto na wekundu, au kinachoambatana na homa, si jambo la kungoja mazoezi bali la kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Vilevile kiwiko kinachokwama kikikunjwa, au vidole vinavyoshindwa kunyooka, vinahitaji daktari haraka.

Picha ya eksirei kwa kawaida haionyeshi kitu, na kuipiga mara tatu hakutabadilisha hilo. Altrasaundi ndiyo yenye faida zaidi, kwa sababu huonyesha unene wa kano, mishipa mipya ya damu na kama kuna mpasuko. Mpasuko mkubwa hubadilisha mazungumzo yote, kwa hiyo usikubali kuchomwa sindano ya kuhuisha kano ambayo hakuna aliyeitazama.

Mweleze daktari pia mambo mawili ambayo wagonjwa wetu husahau. La kwanza ni kisukari, kwa kuwa kano za mwenye sukari nyingi hupona polepole. La pili ni siprofloksasini na dawa nyingine za kundi lake, ambazo wengi huzinunua duka la dawa bila cheti kwa ajili ya tumbo au njia ya mkojo. Dawa hizo zinajulikana kudhuru kano, hasa ya kisigino, na mtu mwenye kano inayougua hana sababu ya kuzimeza ovyo.

Wiki 12 ambazo watu huziruka

Ukimuuliza mgonjwa kama amefanya mazoezi, wengi hujibu ndiyo, na ukimdadisi utakuta maana yake ni kujinyoosha kidogo asubuhi au kufinya mpira wa tenisi. Kufinya mpira si zoezi la ugonjwa huu. Ni kuendeleza kazi ile ile iliyoileta. Kano hujengeka upya kwa kubebeshwa mzigo unaopimwa na kuongezwa polepole.

Kama maumivu ni makali, anza kwa kukaza bila kusogeza. Laza mkono juu ya meza, kiganja chini, kifundo kikining'inia ukingoni. Weka mkono wa pili juu ya kiganja na ujaribu kukinyanyua huku ukikizuia, kwa sekunde 30 hadi 45, mara nne au tano, ukipumzika dakika moja au mbili kati ya mkazo na mkazo. Baada ya wiki moja au mbili, maumivu yakikuruhusu, ingia katika zoezi lenyewe. Shika chupa ya maji ya nusu lita, ambayo uzito wake ni karibu nusu kilo, katika hali ile ile ya mkono juu ya meza. Inyanyue kwa msaada wa mkono usiouma, kisha uishushe kwa mkono unaouma peke yake, polepole, kwa kuhesabu hadi nne au tano. Rudia mara 15, pumzika, na ufanye mizunguko mitatu. Ukiona wiki mbili zimepita na mizunguko yote inakwenda bila shida, hamia chupa ya lita moja, halafu ya lita moja na nusu. Wenye kupenda vifaa hutumia fimbo laini ya mpira inayosokotwa kwa mikono miwili na kuachiwa taratibu, njia iliyojaribiwa New York na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2010 kwa kundi dogo la watu 21, na ikaonekana kusaidia. Asiye nayo anaweza kukata ukanda kwenye mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akaufunga kwenye mguu wa meza na kuuvuta kwa kifundo cha mkono.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanakubalika. Kama unayapima kwa alama kumi, yasizidi tatu au nne, na asubuhi ya pili yawe yamerudi yalipokuwa. Yakizidi, punguza uzito; usiache. Ongeza na mazoezi ya bega, maana mkono wenye bega dhaifu hukilazimisha kiwiko kufanya kazi isiyo yake.

Sambamba na mazoezi, kazi yenyewe ibadilishwe kadiri inavyowezekana. Nunua bisibisi yenye mpini mnene, nyanyua vitu kiganja kikiangalia juu badala ya chini, kamua nguo kwa kuzizungusha kwenye bomba badala ya kuzipinda mikononi, na sogeza kipanya karibu na mwili. Mkanda wa kubana mkono, ukifungwa upana wa vidole viwili chini ya nundu inayouma, huwasaidia baadhi ya watu wakati wa kazi, ingawa hauponyi. Kuchuliwa kwa nguvu juu ya mfupa wenyewe sikushauri.

Sindano ya steroidi: sababu ya kusita

Kabla ya kufika kwenye damu, lazima tuzungumze kuhusu sindano hii ya dawa kali ya kupunguza uvimbe, kwa sababu ndiyo rahisi kupatikana na ndiyo wengi wameshaipata. Huleta nafuu ya haraka, wakati mwingine ndani ya siku tatu, na hapo ndipo inapodanganya. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani uliwafuatilia watu 165 kwa mwaka mzima. Miongoni mwa waliochomwa steroidi, asilimia 54 walirudiwa na maumivu, wakati miongoni mwa waliochomwa sindano isiyo na dawa walikuwa asilimia 12. Aliyepata nafuu ya wiki sita akarudi kubeba magunia amepoteza zaidi ya alivyopata. Steroidi pia hupandisha sukari kwa muda kwa mwenye kisukari, na huweza kuacha baka jeupe juu ya ngozi. Kama umeshachomwa mara moja, usikubali ya pili wala ya tatu kwa kiwiko hicho hicho.

Sindano ya plazima yenye chembe sahani

Hii ndiyo tiba inayotajwa zaidi, na kwenye mabango ya kliniki huandikwa kwa herufi tatu, PRP. Hutolewa damu kwenye mshipa wako, kwa kawaida kati ya mililita 15 na 60. Chupa yake huwekwa kwenye mashine inayozunguka kwa kasi hadi damu inajitenga: chembe nyekundu hukaa chini, na juu hubaki maji ya rangi ya njano, yaani plazima. Sehemu ya plazima iliyokusanya chembe sahani nyingi, zile zinazogandisha damu mtu anapojikata, hufyonzwa na kuchomwa kwenye kano, mililita mbili hadi tatu, kwa kuongozwa na altrasaundi. Chembe sahani hubeba viini vinavyoita seli za ukarabati na kuchochea mishipa mipya ya damu. Hesabu inayolengwa mara nyingi ni mara tatu hadi tano ya kiwango cha kawaida cha damu.

Nadharia ni nzuri, na matokeo yake ndiyo yenye utata. Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi waliwagawa wagonjwa 100 katika makundi mawili, wengine wakapata plazima na wengine steroidi, na baada ya mwaka kundi la plazima lilikuwa mbele kwa mbali. Habari hii ilienea haraka. Mwaka 2014 utafiti mkubwa zaidi wa Marekani, wenye washiriki 230, ulionyesha kwamba baada ya wiki 24 tiba ilifanikiwa kwa asilimia 84 ya waliopata plazima, ikilinganishwa na asilimia 68 ya waliochomwa sindano bila plazima. Kisha yakaja mengine. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2013, wenye wagonjwa 60, haukuona tofauti kati ya plazima, steroidi na maji ya chumvi baada ya miezi mitatu. Wa Finland wa mwaka 2020, wenye wagonjwa 119, ulilinganisha plazima, damu nzima na maji ya chumvi, na baada ya mwaka makundi yote matatu yalikuwa sawa. Mwaka 2021 mtandao wa Cochrane, ambao kazi yake ni kukusanya na kupima tafiti za tiba, ulikusanya tafiti 32 zenye washiriki 2,337 na kuhitimisha kwamba sindano za damu au plazima huenda hazileti nafuu yenye maana kwa mgonjwa zikilinganishwa na sindano isiyo na kitu.

Je, watafiti wanapingana? Ukizisoma kwa makini, tafiti hizi hazipingani sana kama inavyodhaniwa. Plazima hung'ara hasa inapolinganishwa na steroidi, na tumeshaona kwamba steroidi humrudisha mgonjwa nyuma baada ya miezi michache. Atakayeshindana na anayerudi nyuma ataonekana anakwenda mbio. Inapolinganishwa na maji ya chumvi, pengo hufifia, kwa sababu wagonjwa wa maji ya chumvi nao hupona kwa wingi, ama kwa muda wenyewe, ama kwa sababu kuitoboa kano kwa sindano huamsha uponaji. Jambo jingine ni kwamba plazima si dawa moja. Kila mashine hutengeneza yake, nyingine yenye chembe nyeupe nyingi na nyingine isiyo nazo, na kliniki chache hupima kilichomo kabla ya kukuchoma.

Kwa hiyo hitimisho langu kuhusu plazima ni hili: kwa mtu aliyekwisha kufanya mazoezi kwa miezi mitatu, ambaye altrasaundi yake inaonyesha kano iliyochakaa bila mpasuko mkubwa, na ambaye fedha ya kulipia hatalazimika kukopa, ni jaribio linalokubalika na lenye hatari ndogo. Kwa anayetaka kuitumia badala ya mazoezi, naona ni kununua matumaini kwa bei kubwa.

Wapo wasiopaswa kuichoma, au wanaopaswa kusubiri. Hao ni wenye chembe sahani chache, wenye ugonjwa wa kutoganda damu, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini, wenye maambukizi yoyote mwilini na wenye saratani inayoendelea. Mwenye selimundu azungumze kwanza na daktari wake wa damu. Hapa Dar es Salaam ongeza jambo moja ambalo vitabu vya ng'ambo havilitaji: malaria na homa ya dengi, ambayo ilizuka jijini mwaka 2014 na tena 2019, hushusha chembe sahani. Aliyeugua mojawapo hivi karibuni apime picha kamili ya damu na asubiri hadi hesabu irudi, la sivyo atakuwa analipia plazima isiyo na kile kinachofanya iitwe tiba.

Mahali pa kwenda na maswali ya kuuliza

Anza kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nawe, yaani Amana, Temeke au Mwananyamala, ambako unaweza kuonana na daktari na mtaalamu wa fiziotherapia. Kama tatizo linahitaji bingwa, barua ya rufaa ikupeleke Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambayo wengi tunaijua kwa herufi zake, MOI. Njia hii ni ndefu kuliko kuingia moja kwa moja kliniki ya binafsi iliyoona fursa, lakini utambuzi utakuwa umefanywa na mtu asiyeuza sindano, na hilo lina thamani. Mwenye bima asidhani kwamba kwa kuwa kadi yake inalipia kumwona daktari italipia na plazima. Aombe jibu kwa maandishi kabla ya siku ya tiba.

Ukishaamua, muulize atakayekuchoma, bila haya na bila hasira, kama amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, ni viwiko vingapi amevitibu kwa njia hii, na kama atatumia altrasaundi wakati wa kuchoma badala ya kukisia kwa kidole. Uliza kama kifaa cha kutenganishia damu kinatoka katika pakiti mpya iliyofungwa na kama kimesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Uliza bei yote kwa pamoja: kipimo cha damu, kifaa, altrasaundi, sindano, na ziara za kufuatilia. Daktari akikuuzia kifurushi cha sindano tatu kabla hajaona ya kwanza imefanya nini, ondoka. Akikuahidi kupona kwa hakika, ondoka mapema zaidi.

Kuhusu usafi, usiwe mpole. Mwaka 2024 mamlaka za afya za Marekani zilieleza jinsi wanawake walivyoambukizwa virusi vya UKIMWI katika saluni moja isiyo na leseni ya jimbo la New Mexico, iliyokuwa ikichoma plazima usoni kwa ajili ya urembo. Tatizo halikuwa plazima bali damu na sindano zilizochanganyika kati ya wateja. Chupa yako iandikwe jina lako mbele ya macho yako, na damu isipelekwe chumba usichokiona kisha ikarudi ikiwa ndani ya sindano isiyo na jina.

Siku ya sindano na wiki zinazofuata

Wiki moja kabla, acha diklofenaki, ibuprofeni na dawa za jamii hiyo, kwa sababu huzuia kazi ya chembe sahani. Aspirini uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo usiiache kwa uamuzi wako, mwulize aliyekuandikia. Kunywa maji ya kutosha na ule chakula asubuhi. Ganzi huchomwa kwenye ngozi, lakini tarajia maumivu sindano inapofika kwenye kano, maana madaktari wengi huitoboa mara kadhaa ili plazima isambae.

Usiku wa kwanza na siku mbili au tatu zinazofuata huwa mbaya kuliko ugonjwa wenyewe, na hali hiyo inaweza kufika wiki nzima. Hii ndiyo sehemu ambayo wagonjwa hawaambiwi, nao hukimbilia duka la dawa kununua diklofenaki, wakaharibu walicholipia. Tumia parasetamoli na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, na ukae mbali na dawa za kupunguza uvimbe kwa wiki mbili. Usiendeshe gari kurudi nyumbani, na ukipanda daladala au mwendokasi usishike bomba la juu kwa mkono uliochomwa. Homa, wekundu unaoenea au usaha vikupeleke hospitali bila kungoja miadi.

Baada ya siku mbili anza kukunja na kukunjua kiwiko taratibu. Kwa wiki mbili za kwanza usinyanyue kitu kizito kuliko kikombe cha chai, usikamue, usipige nyundo. Anayetegemea mkono kwa kipato apange likizo au mtu wa kumshikia kazi kabla ya siku ya sindano. Kati ya wiki ya pili na ya nne rudi kwenye zoezi la kukaza bila kusogeza, kisha chupa ya nusu lita, kama ulivyofanya mwanzo. Usipime matokeo kabla ya wiki sita. Mabadiliko ya kweli huonekana kati ya wiki ya sita na ya 12, na huendelea hadi mwezi wa sita. Ili usidanganywe na siku moja nzuri, andika kila Jumapili alama ya maumivu kati ya sifuri na kumi unaponyanyua birika lile lile likiwa limejaa.

Njia nyingine

Kuitoboa kano kwa sindano tupu, chini ya ganzi na altrasaundi, mara 20 au 30 katika kikao kimoja, ni tiba ya bei nafuu kuliko plazima, na kwa kuzingatia tafiti nilizozieleza sioni kwamba iko nyuma sana. Ikiwa bingwa wako anaifanya na fedha ni shida, iulizie kwanza. Sindano ya damu nzima, mililita mbili au tatu bila kuzungushwa kwenye mashine, iko katika kundi hilo hilo.

Sindano za dekstrosi, yaani sukari iliyokolezwa, hurudiwa mara kadhaa kwa vipindi vya wiki nne hivi. Malighafi yake haina gharama, lakini tafiti zake ni ndogo, na mojawapo ya zinazotajwa zaidi ilikuwa na watu wazima 24 tu. Mawimbi ya mshtuko hupigwa juu ya ngozi kwa mashine, vikao vitatu hadi vitano, kimoja kwa wiki; mapitio ya Cochrane ya mwaka 2005 yaliona faida ndogo au hakuna kabisa kwa kiwiko. Hayana madhara makubwa, ila yanauma.

Seli shina ni habari tofauti. Kilicho karibu nazo ni kazi ya Perth, Australia, ambako watafiti wamechukua seli za kawaida za kano ya mgonjwa, wakazikuza maabara na kuzirudisha kiwikoni, lakini kwa wagonjwa wachache na katika mazingira ya utafiti. Anayekuuzia seli shina za kiwiko kwenye kliniki ya mtaani leo anauza kitu ambacho bado kinajaribiwa.

Miezi sita baada ya sindano

Kama alama zako za Jumapili zimeshuka kwa nusu au zaidi, usichomwe tena. Endelea na mazoezi mara mbili au tatu kwa wiki, na ongeza uzito. Kama zimeshuka kidogo tu, sindano ya pili inaweza kujadiliwa, mradi bingwa arudie altrasaundi na akuonyeshe kilichobadilika. Kama hazikutikisika, ya pili haina sababu. Rudini kwenye utambuzi: shingo, mshipa wa fahamu, mpasuko ulioachwa nyuma.

Upasuaji wa kukata sehemu ya kano iliyooza hufikiriwa baada ya miezi sita hadi 12 ya tiba zilizofanywa ipasavyo, na wengi waliopasuliwa husema wamepata nafuu. Hata hivyo utafiti mdogo wa Australia wa mwaka 2018, wenye wagonjwa 26, ulilinganisha upasuaji huo na upasuaji wa kuigiza, ambao ngozi ilipasuliwa na kano ikaachwa bila kukatwa, na makundi yote mawili yalipata nafuu bila tofauti ya maana. Bingwa atakayekupendekezea kisu mwulize anauelezaje utafiti huo, na umpe nafasi ya kujibu. Majibu mazuri yapo, hasa pale ambapo altrasaundi au kipimo cha MRI kinaonyesha kano iliyochanika kweli. Ukikubali, pangia wiki sita hadi 12 kabla ya kurudi kwenye kazi nzito ya mikono, na ujue kwamba mtaalamu wa fiziotherapia atakukabidhi tena ile chupa ya nusu lita.